Siku moja ya kupima wagonjwa wa moyo: wodini, koridoni na kliniki

Saa 1:30 asubuhi
Naanza na mafaili. Eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ya mwisho inasema EF, yaani asilimia ya damu ambayo moyo unaisukuma nje kwa kila pigo, ni ngapi? Valvu ipi, yaani mlango upi wa moyo, ina shida? ECG (mchoro wa umeme wa moyo) ya leo inafanana na ya jana? Potasiamu, madini ya kwenye damu, nairudia kuisoma mara mbili kwa kila anayemeza furosemidi (dawa ya maji), kwa sababu dawa ile huitoa na mkojo, na ikishuka sana mapigo huvurugika kirahisi. Aliyepata maumivu mapya ya kifua usiku, mwenye mapigo zaidi ya 120 kwa dakika akiwa ametulia, au presha iliyovuka 180 kwa 100, simnyanyui mpaka daktari amwone.

Saa 2:15, wodi ya wanawake
Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. "Shikamoo, bibi." Akijibu "Marahaba mwanangu, za kwako?" kwa pumzi moja, nimeshajua mengi. Akikatika katikati kuvuta hewa, nimejua mengi zaidi.

"Unachoka?" ni swali bovu, utajibiwa "namshukuru Mungu." Nauliza: unalalia mito mingapi? Unaamka usiku ukitafuta dirisha? Ndoo ya lita 20 unaibeba kutoka bombani bila kuitua? Halafu lile ninaloliamini kuliko yote: ni kazi gani ya nyumbani uliyokuwa ukiifanya mwaka jana, sasa umewaachia wengine? Wagonjwa wa moyo hupunguza shughuli kidogo kidogo mpaka hawana tena cha kuwachosha, kisha wanasema hawana shida.

Mguu naubonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, sekunde 5, naangalia shimo linabaki au linajaa. Mgonjwa asiyetoka kitandani mguu wake unaweza kuwa mkavu na maji yote yako mgongoni, juu kidogo ya makalio, kwa hiyo namgeuza. Mapigo nahesabu dakika nzima. Kuhesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4 kunadanganya pale moyo unapopiga bila mpangilio, na wagonjwa wa valvu ya maitro (mlango wa upande wa kushoto wa moyo) wa aina hiyo ni wengi. Tukiwa wawili, mmoja anashika kifundo cha mkono, mwingine anasikiliza kifuani. Tofauti ya hesabu zao ni mapigo yasiyofika mkononi.

Oksimita, kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, nayo ina vituko vyake. Piko au rangi ya kucha huizuia kusoma vizuri, vidole vya baridi vivyo hivyo, na kwenye ngozi nyeusi huweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo. Ikisema asilimia 94 huku mtu anahema, namwamini anayehema.

Saa 4:30, waliopasuliwa kifua
Hapa dawa ya maumivu itangulie kama nusu saa, la sivyo unapima maumivu, hupimi moyo. Nashika mfupa wa kifua kwa kiganja huku mgonjwa akikohoa, amekumbatia khanga iliyokunjwa nene. Nikihisi mfupa unacheza au unalia, nasimamisha zoezi na kumwita daktari wa upasuaji. Kunyanyuka ni kwa kugeukia ubavu na kushusha miguu kwanza, si kuvutwa mikono na ndugu. Nampima presha amelala, kisha dakika ya 1 na ya 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ya presha ikishuka 20 au zaidi, anarudi kuketi.

Saa 6:00, korido ya mita 30
Kipimo cha kutembea dakika 6, yaani kuona mgonjwa anafikisha mita ngapi kwa muda huo, kinaonekana chepesi, ndiyo maana kinaharibiwa sana. Weka koni mbili, alama za chaki kila mita 3, na viti viwili njiani. Mgonjwa aketi dakika 10 kabla. Kandambili hapana, zinapunguza mita. Mpimaji asitembee sambamba naye, maana atamvuta kwa mwendo wake, akae nyuma kidogo. Kila dakika namwambia maneno yale yale, "Unaendelea vizuri, zimebaki dakika 4," bila shangwe, kwa sababu shangwe huongeza umbali na mwezi ujao nitashindwa kulinganisha. Akisimama kupumzika, saa haisimami.

Nasitisha kwa maumivu ya kifua, kuyumba, jasho la baridi, au oksijeni chini ya asilimia 80. Weupe wa ghafla kwa ngozi zetu uutafute kwenye midomo na viganja.

Watu wakishaandika mita huondoka. Mimi nabaki, kwa sababu dakika moja ya kwanza ya kupumzika ina habari yake: mapigo yakishuka 12 tu au pungufu, moyo huo haujatulia inavyopasa. Na baada ya wiki kadhaa, nyongeza ya mita 10 si maendeleo ya kujivunia. Kuanzia kama 30 ndipo naanza kuamini.

Kwa anayemeza bisoprololi au atenololi, dawa za kupunguza mapigo, kanuni ya kukadiria mapigo ya juu kabisa kwa 220 ukitoa umri iwekwe kando, kwani dawa imeyafunga mapigo. Natumia kipimo cha Borg cha 6 hadi 20, ambapo mgonjwa mwenyewe anataja namba ya jinsi anavyohisi kazi ni nzito, mazoezi yakae kati ya 11 na 13: anaweza kuzungumza, hawezi kuimba. Namsomea maneno yaliyoandikwa kando ya namba, vinginevyo atachagua namba anayodhani itanifurahisha.

Saa 8:00, kliniki
Mizani kwanza. Kilo 2 zilizoongezeka ndani ya siku 3 ni maji, si ugali, na siku hiyo hapimwi kutembea, anapelekwa kwa daktari.

Ila kabla ya hapo nauliza: leo umemeza dawa ya maji? Wengi huiruka siku ya kliniki, kwa kuwa daladala haina choo na foleni haijulikani itaisha lini. Basi anafika amevimba na anahema, na asiyeuliza ataandika kwamba ugonjwa umezidi. Jibu nalipeleka kwa daktari siku hiyo hiyo, apange kama siku za safari inaweza kumezwa baada ya kufika, na mgonjwa aandikiwe saa hiyo kwenye kadi yake.