Barafu Ndani ya Sweta

Kila nikifundisha nishati ya joto kwa wanafunzi wa Gredi ya 8, naanza na mapande mawili ya barafu na sweta moja ya shule. Barafu yenyewe inagandishwa kwenye friza ya duka lililo mkabala na lango letu, ndani ya makopo mawili ya siagi yanayolingana. Pande moja naliweka wazi juu ya sahani. La pili nalifunga ndani ya sweta, mikono ya sweta naizungusha na kuipiga fundo. Kisha nauliza: lipi litaisha kwanza?

Jibu silitoi. Kila mmoja anaandika kisio lake daftarini pamoja na sababu, kwa kalamu, asije akafuta baadaye. Karibu darasa zima husema ni lile la kwenye sweta. Na sababu yao ina mantiki: sweta hutia joto, ukihisi baridi unavalishwa sweta, basi barafu iliyovalishwa itayeyuka upesi. Mtoto aliyeoga maji ya ndoo kabla ya jua kuchomoza mwezi wa Julai hapa Nairobi anajua vizuri sweta inamfanyia nini. Ushahidi wake ni ngozi yake mwenyewe. Ukimwambia tu kwamba amekosea, atanakili jibu lako kwa ajili ya mtihani na moyoni atabaki na lake.

Mwisho wa kipindi tunafungua fundo. Kwenye sahani kumebaki maji na kijipande kinachoelea. Ndani ya sweta barafu bado ina umbo la kopo, hata mviringo wa kitako unaonekana. Hapo ndipo zogo linapoanza. Huyu anasema sweta ilikuwa imelowa, yule anasema makopo hayakujazwa sawasawa, mwingine anataka turudie kwa sweta yake. Mtihani ni wa Kiingereza lakini ubishi huu huwa wa Kiswahili na Sheng, nami siuzuii. Baada ya muda anapatikana mmoja, mara nyingi si yule anayeongoza kwa alama, anayesema: sweta haina joto lake. Inazuia tu. Kwetu sisi inazuia joto la mwili lisitoroke nje; kwa barafu inazuia joto la darasa lisiingie ndani. Likisemwa na mwanafunzi mwenzao linawaingia kuliko ningelisema mimi.

Jaribio la pili ni la madawati, na ndilo ninalolipenda zaidi. Miguu ya dawati ni chuma, uso wake ni mbao. Asubuhi ya baridi nawaambia washike vyote viwili. "Chuma ni baridi zaidi, Mwalimu." Hakuna anayebisha. Nabandika vipimajoto kwa gundi ya karatasi, kimoja kwenye chuma, kingine kwenye mbao, na tunasubiri huku tukifanya jambo jingine. Vyote viwili husoma namba moja, kama nyuzi 16 hivi. Wanasema kimoja kimeharibika. Sawa, wavibadilishe mahali. Namba ni ileile.

Hapa sikimbii, hata kama ratiba inanisukuma. Kitu kilicholala usiku kucha ndani ya chumba kimoja na vingine hufikia halijoto ya chumba hicho, kiwe chuma, mbao au daftari. Tofauti iko mkononi. Ngozi ya kiganja ina joto kuliko dawati, kwa hiyo joto linatoka mkononi kwenda kwenye dawati, na chuma hupitisha joto zaidi ya mara mia kuliko mbao. Mkono unahisi kasi ya kupoteza joto, si halijoto ya kitu. Mwanafunzi akilishika hilo, anaweza kujieleza mwenyewe kwa nini mwiko wa mbao hauchomi na kijiko cha chuma kinachoma, kwa nini sakafu ya saruji inauma miguu na mkeka hauumi. Sihitaji kumpa orodha.

Ninapowaacha wabishane hivi huwa namkumbuka Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba nchini Tanzania, aliingiza kwenye friza maziwa ya aiskrimu yakiwa bado moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni wao, Dkt. Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Osborne alikwenda kupima, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi bado wanabishana iwapo jambo hilo hutokea kweli, na kama hutokea, kwa nini. Darasani kwangu hakuna anayechekwa kwa kisio lake, na hii ndiyo sababu ninayowapa.

Jaribio la jiko hufanyika nje, nyuma ya darasa la mabati. Tunatumia jiko la makaa lililobanwa kiunoni, bati nje na udongo wa kuchoma ndani, lile ambalo mafundi wa jua kali, wale wa karakana za wazi, wa Shauri Moyo hapa Nairobi wamekuwa wakitengeneza tangu miaka ya 1980. Udongo ule unazuia joto lisipotelee ubavuni, liende kwenye sufuria. Maji yakitokota tunatumbukiza kipimajoto, nacho kinasimama kati ya nyuzi 94 na 95. Kitabu kimesema 100. Kelele tena! Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayoyakandamiza maji hapa ni pungufu kuliko ya Mombasa, kwa hiyo yanachemka mapema.

Kisha nawaambia waongeze makaa na wapepee kwa nguvu. Mapovu yanaongezeka, mvuke unazidi, kipimajoto hakisongi. Joto linakwenda wapi? Kilo moja ya maji yenye nyuzi 20 inahitaji kama kilojuli 315 (kilojuli ni kipimo cha nishati) kufika nyuzi 95, lakini kuigeuza yote kuwa mvuke kunahitaji takriban kilojuli 2,260, zaidi ya mara saba. Makaa yote yale ya ziada yanaishia hewani.

Mama mmoja anayeuza githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, karibu na steji alikuja shuleni kwa ajili ya somo hili. "Mwalimu, huyu binti ananifungia mlango wa jiko sufuria ikichemka tu. Anasema wewe ndiye umemfundisha." Nikamwambia ni kweli, Mama. Akauliza: "Na mahindi yataiva?" Yataiva kwa muda uleule, mradi maji yaendelee kutokota hata polepole na mfuniko usiondolewe, kwa sababu moto mkali hauwezi kuyapa maji nyuzi zaidi ya hizo 95. Alikaa kimya akipiga hesabu ya mkebe wa makaa, kisha akauliza kama maharagwe nayo ni hivyohivyo. Ni hivyohivyo.

Sasa wanafunzi wangu wanataka kulinganisha. Walimu wenzangu mlioko Mombasa, Kisumu na Limuru, naomba mchemshe maji na darasa lenu, kipimajoto kisiguse kitako cha sufuria, halafu mniandikie kimesimama wapi. Sisi tumeshaandika makisio yetu ya kila mji. Kwa kalamu.