Kabla gari halijalipuka: kumbukumbu ya mradi wangu

Siku ya 1

Leo nimeanza kazi niliyoisubiri tangu mwanzo: uharibifu wa magari katika mchezo wangu mdogo wa kompyuta wa dunia huria, ambamo mchezaji anakwenda popote apendapo. Mji upo, barabara zipo, magari 20 yanajiendesha yenyewe, na mchezaji anaweza kuingia katika lolote. Ila gari likigonga ukuta linasimama tu, bila hata mkwaruzo. Kukimbizana hakunogi hivyo. Mtu ambaye gari lake haliwezi kufa hana sababu ya kukanyaga breki.

Kabla ya kuandika chochote nimerudi kwenye mchezo wa GTA: San Andreas wa 2004, kwa sababu mpangilio wake bado naupenda. Gari zima lina uhai wa 1000. Ukishuka chini ya 650, boneti inatoa moshi mweupe. Chini ya 550 unakuwa wa kijivu. Chini ya 390 mweusi. Ukipita chini ya 250 moto unawaka, na sekunde chache baadaye gari linalipuka. Mchezaji haoni nambari hata moja kati ya hizo. Anasoma moshi, na moshi unamtosha. Hicho ndicho ninachokitaka: dereva ajue gari lake linakufa kabla halijafa.

Bodi yenyewe katika michezo ya wakati ule ilikuwa na njia rahisi. Boneti, mlango au bampa vilikuwa na nakala mbili, moja nzima na moja iliyobonyea. Ukigonga, nakala zinabadilishana. Ukigonga tena, kipande kinang'oka. Ni njia nyepesi kwa kompyuta, lakini mlango unabonyea vilevile iwe umegongwa na lori au umeparuzwa na nguzo.

Siku ya 3

Swali la leo: kipigo kinapimwaje? Nilianza na kasi ya gari, nikaiacha baada ya saa moja. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa likiparuza ukuta kwa ubavu halipati madhara ya lile linaloukabili uso kwa uso. Kinachoumiza ni kasi inayopotea kwa ghafla.

Godot, programu ninayotengenezea mchezo, inanipa msukumo wa kila mguso. Naugawanya kwa tungamo ya gari, napata badiliko la kasi. Gari langu la majaribio lina kilo 1,400. Likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa na kusimama papo hapo limepoteza karibu mita 13.9 kwa sekunde, yaani msukumo wa takriban newtoni-sekunde 19,400. Sasa bajaji na basi vinaweza kutumia kanuni ileile, maana tungamo imekwisha kuhesabiwa ndani yake.

Siku ya 4

Nililipindua gari kwa makusudi, nikaliacha limelala juu ya paa huku nikirekebisha taa za barabarani. Niliporudi kulitazama lilikuwa linatoa moshi mweusi. Hakuna gari lililopita karibu.

Nikaamuru programu iandike kila msukumo inaoupokea. Ikaja safu ndefu: 229, 229, 229, mara 60 kila sekunde. Nikachukua kalamu: 1,400 mara 9.81, gawanya kwa 60. Jibu, 228.9. Ulikuwa uzito wa gari lenyewe. Fizikia inahesabiwa mara 60 kwa sekunde, na kila hatua ardhi inalisukuma gari juu ili lisizame. Mimi nilikuwa nauita msukumo huo ajali.

Dawa yake ni kizingiti. Gari lililolala tuli linapata badiliko la mita 0.16 kwa sekunde katika kila hatua, kwa hiyo chochote kilicho chini ya 1.5 sikihesabu. Matuta ya barabarani nayo yameacha kulimaliza gari.

Katika GTA III ya 2001 gari lililopinduka huwaka moto, na huko ni sheria ya mchezo wenyewe. Naielewa: gari lisilokwenda popote linaondolewa njiani. Kwangu sitaiweka. Mchezaji wangu anaweza kushuka na kulisukuma gari lirudi kwenye magurudumu, na gari linalowaka bila kugongwa linavunja ahadi niliyompa kwamba moshi hausemi uongo.

Siku ya 9

Kubonyea kwa bati. Hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Mchezo wa Carmageddon wa 1997 ulikwisha kupinda bodi za magari mchezo ukiendelea. GTA IV ya 2008 ilifanya bati lifuate mahali hasa pa kipigo, na gari lililogongwa sana lilifika mahali ambapo tairi inasagana na bodi na usukani hautii tena. GTA V ya 2013 ililegeza hayo, na magari yake yanavumilia zaidi. Wachezaji wengi walilalamika. Mimi naupenda ule wa 2008 kwa macho, lakini kwa mkimbizano mrefu uamuzi wa 2013 una mantiki: gari likipinda gurudumu kwenye kona ya kwanza, mkimbizano umeishia hapo.

Kuna pia njia ya mchezo wa BeamNG.drive, ambako gari zima ni nukta zilizounganishwa kwa mihimili inayonyumbuka na kukatika, na hesabu zinafanywa mara 2,000 kwa sekunde. Nimekaa muda mrefu nikitazama chesesi ikijikunja pale. Ni kazi nzuri kupita kiasi. Ila mimi nina magari 20, watembea kwa miguu, risasi na mji mzima, vyote vikigombea kompyuta moja.

Kwa hiyo nimechagua njia ya katikati. Bodi ya gari ni wavu wa pembetatu. Kipigo kikitokea, kila nukta ya wavu iliyo ndani ya sentimita 60 inasukumwa kuelekea kule kipigo kilikokwenda. Iliyo karibu inakwenda mbali, iliyo pembezoni haitikisiki. Hakuna nukta inayoruhusiwa kuhama zaidi ya sentimita 25 kutoka mahali pake pa asili, la sivyo boneti itamfikia dereva.

Siku ya 11

Boneti inapasuka. Kila nikigonga, nyufa nyembamba zinafunguka kwenye kingo zake, na kupitia nyufa hizo naona barabara iliyo upande wa pili.

Siku ya 12

Nimeupata mzizi. Nukta inayoonekana moja kwenye ukingo wa boneti ni mbili au tatu zilizokaa mahali pamoja. Kila moja ina mwelekeo wake wa kupokea mwanga, ndiyo maana ukingo unaonekana mkali badala ya kuwa laini kama sabuni. Na mimi, ili bati lionekane limekunjamana, nilikuwa nimeongeza mhamo mdogo wa nasibu kwa kila nukta kufuatana na namba yake katika orodha. Nukta pacha zina namba tofauti, basi moja ikaenda kushoto na mwenzake kulia.

Sasa nasibu inatokana na mahali nukta ilipo. Waliokaa pamoja wanahama pamoja. Nyufa zote zimefunga kwa mstari mmoja wa msimbo.

Likabaki jambo moja. Bonde lilikuwepo kwenye boneti lakini mwanga ulikuwa bado unapita juu yake kana kwamba bati limenyooka. Ilibidi mielekeo ya mwanga ihesabiwe upya baada ya kila kipigo. Nilipowasha tena, taa ya barabarani ikateleza juu ya boneti, ikakatika kwenye mkunjo, ikaendelea upande wa pili. Nimelizungusha gari chini ya taa ile mara nyingi sana usiku huu.

Umbo la kugongana sikuligusa. Kwa fizikia gari bado lina bodi nzima. Kubonyea ni kwa macho tu. Ningelipinda nalo, magari yangeanza kunasa ukutani.

Siku ya 20

Uhai umegawanyika mara tatu: bodi, injini, tanki. GTA V nayo hutenganisha vitu hivyo vitatu. Kipigo cha mbele kinakula injini, cha nyuma kinakula tanki, cha ubavuni kinamalizikia kwenye milango. Injini ikishuka chini ya nusu inapungua nguvu na kuanza kukohoa. Tairi ikipasuka, usukani unavuta upande wake.

Siku ya 24

Nimempa mdogo wangu acheze bila kumweleza kitu. Alikimbizwa na polisi, akagonga nguzo mbili, moshi ukawa mweusi, akaruka nje kabla moto haujashika. Nikamuuliza alijuaje.

"Si nimesikia injini inakohoa, kaka."

Mara ya pili risasi moja ilipata tanki na gari likalipuka naye ndani. Aliweka kidhibiti chini, akanigeukia. "Sasa hili limekufaje?"

Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu mchezo haukumwonyesha chochote.

Siku ya 25

Tanki haliui tena papo hapo. Likitobolewa, petroli inavuja na kuacha mstari mweusi barabarani nyuma ya gari, na kadiri uhai wa tanki unavyopungua ndivyo mstari unavyonenepa. Cheche ikiugusa, moto unaufuata hadi kwenye gari. Dereva mwenye akili atakata kona kali, moto ufuate njia ndefu, apate nafasi ya kufungua mlango.

Moto wenyewe bado unakwenda kwa kasi moja hata pale mstari ulipokatika. Kesho naanzia hapo.