Mlangoni pa Hema

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii nimekaa na Hesabu 27, ile habari ya mabinti watano wa Selofehadi: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao alifia jangwani bila mtoto wa kiume, na kwa desturi jina lake lingepotea pamoja na fungu lake la ardhi. Wakaenda mpaka mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote, wakadai urithi. Musa hakuwa na jibu. Akalipeleka neno lao mbele za Bwana, na Bwana akasema wamenena haki.

Mungu angeweza kuwapa wale watano shamba lao, yakaisha. Lakini aliifanya haki yao kuwa sheria, ikamfikia hata binti ambaye asingethubutu kusimama mbele ya wakuu na kufungua kinywa.

Nikamkumbuka Irma Rangel. Alizaliwa mwaka 1931 Kingsville, mji mdogo wa kusini mwa Texas, Marekani, katika familia yenye asili ya Mexico. Alifundisha miaka 14, kwao Texas na hata Venezuela. Kisha akarudi darasani kama mwanafunzi, akasoma sheria, akahitimu 1969 akiwa anakaribia miaka 40. Mwaka 1976 watu wa kwao wakamchagua kuingia Baraza la Wawakilishi la Texas, mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Mexico kuketi humo.

Mimi pia ni mwalimu, na nadhani naelewa kilichomtoa darasani. Mwalimu humpenda mtoto aliye mbele yake. Anajua nani amekuja bila kunywa chai, nani hana daftari. Lakini kengele ya mwisho ikilia, mtoto huyo anatoka kwenda kukutana na kanuni ambazo mwalimu wake hakuziandika. Niliwahi kuwa na mwanafunzi aliyeongoza darasa miaka yote, na huko alikoomba nafasi hakuna aliyemtazama, kwa kuwa shule yetu haikujulikana. Nililia naye. Zaidi ya kulia sikuwa na la kufanya.

Rangel alikuwa nalo. Mwaka 1996 mahakama ya rufani ya shirikisho ilivizuia vyuo vya serikali vya Texas kuzingatia rangi au asili ya mwombaji, na vijana weusi na wale wenye asili ya Mexico wakaanza kupungua katika vyuo vikubwa. Yeye wakati huo ndiye aliyeongoza Kamati ya Elimu ya Juu. Mwaka 1997 akapitisha mswada uliosema hivi: mwanafunzi anayehitimu sekondari akiwa ndani ya asilimia 10 ya juu ya shule yake apate nafasi katika chuo kikuu chochote cha serikali ya jimbo. Ni mwalimu tu angeliona jambo hilo kwa namna hiyo! Mtoto wa kijijini apimwe na wenzake waliogawana naye vitabu vilevile vichache, chini ya mwalimu yuleyule. Sheria hiyo ilipingwa sana, hasa na wazazi wa shule zenye nguvu, na mwaka 2009 ikawekewa mipaka kwa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin. Lakini ilikuwa imekwisha kufungulia mlango watoto ambao Rangel hakuwajua hata kwa majina.

Alipigania pia chuo cha famasia kijengwe Kingsville, ili kijana wa kusini asilazimike kwenda mbali. Alifariki mwaka 2003 akiwa bado mbunge. Wanafunzi wa kwanza waliingia 2006, na chuo kinaitwa kwa jina lake.

Someni pia Yoshua 17. Musa amekwisha kufa, nchi inagawanywa. Wale mabinti watano wanakuja tena, safari hii mbele ya Eleazari na Yoshua, wanawakumbusha kile Bwana alichoagiza. Wanapewa fungu lao katikati ya ndugu za baba yao.