Siku moja maishani mwangu: kupima tope la mto wa barafu, Arolla

Saa 11 alfajiri. Arolla ni kijiji cha milimani kusini mwa Uswisi, mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na hata Julai alfajiri yake inauma vidole. Mkobani nina chumvi, chupa tupu 24, betri na mkate. Mimi na mwenzangu tunapanda kwa miguu hadi inapoishia barafuto (barafu kubwa inayoteleza polepole mlimani) ya Haut Glacier d'Arolla. Tunawahi kwa sababu mto huu una ratiba yake, na haumsubiri mtu.

Saa 2 asubuhi. Maji ni machache, ya jana alasiri yameshapita. Kipima tope changu hakionekani. Jana jioni mto ulihamia kando, ukakifukia kwa kokoto. Nachimbua kwa mikono ndani ya maji yanayokaribia nyuzi sifuri. Vipimo vya usiku mzima vimepotea, na imeniuma kweli.

Saa 3. Tunapima wingi wa maji kwa chumvi. Unaikoroga kwenye ndoo, unaimwaga mtoni upande wa juu, na upande wa chini kifaa kinasoma jinsi maji yanavyopitisha umeme. Chumvi ikifika hafifu, maji ni mengi. Njia rahisi, na kwenye mto wenye mawe hivi sijaona inayoishinda.

Saa 5. Jua limeshika barafu. Maji yanapanda mbele ya macho na rangi inabadilika kuwa kijivu. Kijivu hicho ni unga wa mawe: barafuto husaga mwamba inapoteleza juu yake. Kwenye rula ya ukingoni nasoma sentimita 42. Nachota chupa, naandika saa.

Saa 7 mchana. Kuanzia sasa hakuna anayeingia majini. Nakula mkate na kufikiria nyumbani. Nimekulia Machame nikiamini maji ya mfereji wetu yanatoka kwenye theluji ya Kibo. Kumbe barafu ya Kibo kwa sehemu kubwa hugeuka mvuke moja kwa moja kwenye hewa kavu, na mfereji unalishwa na mvua ya msituni. Barafu inayogeuka mto nimeiona huku.

Saa 10 alasiri. Mto unanguruma, na chini ya ngurumo unasikia mawe yakigongana sakafuni, kama magunia ya viazi yanayotupwa. Mwendo wa mawe hayo haupimiki kwa chupa. Tumefukia jiofoni, yaani vifaa vya kunasa mtetemo wa ardhi, ukingoni zisikilize mawe hayo. Chini zaidi liko banio la mradi wa umeme wa Grande Dixence, linalopeleka maji kwa mahandaki hadi bwawa lenye ukuta wa mita 285. Mchanga na kokoto hunaswa kwanza kwenye tangi la banio hilo. Likijaa linafunguliwa, na shehena yote inashuka mtoni kwa mkupuo mmoja. Viumbe wadogo wa mtoni wanaumia sana, na nadhani jambo hili linastahili kupimwa kwa makini kuliko linavyopimwa sasa.

Saa 1 jioni. Maji yanashuka. Rula inasoma tena 42. Nachota chupa ya pili na kuiweka kando ya ile ya saa 5. Maji ni kiasi kilekile, lakini ya asubuhi ni mazito kama uji na ya jioni yanapitisha mwanga. Maji yanapopanda huvamia pembe za chini ya barafu ambako tope lilikuwa limejikusanya, yakalizoa. Yanaporudi, ghala limeshapungua. Anayepima mara moja tu kwa siku atakosea, hata awe na kifaa ghali kiasi gani.

Saa 3 usiku. Nachuja sampuli kijijini, karatasi moja kwa kila chupa, kisha zinaingia kwenye tanuri kukauka kabla ya kupimwa uzito. Mama anapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo mto ulikuwaje?"

Namweleza habari za chupa mbili. Ananyamaza kidogo, kisha anasema hata mfereji wetu, mvua ya kwanza ya masika ndiyo huleta tope. Za baadaye huja na maji matupu.

Naandika maneno yake kwenye daftari, chini ya vipimo vya leo.