Koki ya maji ya kuchemka papo hapo: tuweke au tubaki na birika?

Jamani hii habari ya koki ya maji ya moto imetugawa humu ndani. Siyo moto wa kuoshea vyombo, naongelea ile inayotoa maji ya kuchemka kabisa, unafungua pale pale kwenye sinki unamimina kwenye kikombe chenye majani, basi chai tayari. Mume wangu yeye alishaamua kitambo, anachosubiri ni mimi niseme sawa, na kwa vile tunabadilisha sinki hata hivyo anasema ndo wakati wenyewe. Mi siyo mtu wa kusema sawa kirahisi. Nikachukua karatasi za maelezo nikakaa nazo na kalkuleta.

Kwanza inavyofanya kazi, maana nilidhani maji yanachemka yakiwa yanapita, kumbe siyo hivyo na haiwezekani. Lita moja ya maji ya kawaida, tuseme nyuzi 20, kuifikisha 100 inataka umeme kama yuniti 0.09. Sasa koki ikitoa lita 2 kwa dakika ungehitaji heater ya kilowati 11 hivi, waya za jikoni kwako zingeungua. Kwa hiyo wanachofanya ni kuficha katenki chini ya sinki, lita 3 mpaka 7, maji yanakaa humo yakiwa ya moto muda wote, we ukifungua, maji baridi yanaingia kwa chini yanasukuma ya moto yatoke juu. Yani unachonunua hasa ni tenki, koki ni urembo tu.

Na matenki yenyewe yako aina mbili, hapa ndo wauzaji wanapita haraka haraka. Kuna la presha, maji yanabanwa na presha ya bomba kwa hiyo yanafika nyuzi 108 au 110 bila kuchemka, kama kwenye sufuria ya presha, yakitoka tu yanakutana na hewa ya kawaida na kidogo yanageuka mvuke hapo hapo. Ile kelele na kurukaruka unakoona ndo huko. Nimeiona ikifanya kazi kwa rafiki yangu, haitoki ikiwa mchirizi mmoja uliotulia kama koki ya kawaida, inatoka imechanganyika na povu na mvuke, inatema tema kwanza pwu pwu ndo inakaa sawa, na ukishika kikombe karibu sana unasikia matone madogo mkononi. Hayakuunguzi kihivyo ila unashtuka. Aina ya pili tenki lina tundu la kupumulia, halina presha, maji yanaishia nyuzi 95 mpaka 98, yanatoka taratibu. Kwa chai ya majani meusi tofauti utaisikia kidogo kama we ni mtu wa chai haswa, kwa kahawa hata hutajua maana kahawa yenyewe inapenda kama nyuzi 90 mpaka 96.

Mnaokaa sehemu za juu hii iwahusu: maji yanachemka kwa nyuzi pungufu kadiri unavyopanda, kama nyuzi moja kila mita 300. Sasa tenki la aina ya pili lililosetiwa 98 ukilipeleka mita 1,500 ambako maji yanachemka kwenye 95, litachemka lenyewe mchana na usiku, litakuwa linatema mvuke na kudondosha bila mtu kuligusa. Fundi anatakiwa alishushe joto, na wapo mafundi hawajui.

Historia yake nimeipenda, naiweka hapa japo haisaidii kuamua. Ilianzia Uholanzi mwaka 1970, kuna bwana Henri Peteri alikuwa kampuni ya vyakula ya Unilever enzi wanatengeneza supu ya papo hapo, akajiuliza supu ya papo hapo ina maana gani kama maji yenyewe unayasubiri yachemke. Akaacha kazi akajifungia chini ya nyumba yake kuhangaika na kitenki, baadae wanawe wakaingia kumsaidia, ndo ikazaliwa Quooker, kampuni ya koki hizi. Miaka na miaka kwa ajili ya kikombe cha supu, watu wana subira.

Haya, umeme. Hoja ya mume wangu ni kwamba koki inaokoa umeme. Hoja ya kila mtu mwingine ni kwamba inakula umeme kwa sababu imewaka saa 24. Wote wanabahatisha, hebu tupige hesabu. Matenki mazuri yale yenye ukuta wa vakyumu, kama chupa ya chai, yanapoteza kama wati 10 yakiwa yamekaa tu. Wati 10 kwa siku nzima ni yuniti 0.24. Birika la umeme linatumia kama yuniti 0.11 kwa lita ukiweka na joto linalopotea njiani. Kwa hiyo tenki likikaa bure siku nzima limekula umeme wa kuchemsha lita 2 na kitu kwenye birika, basi, hakuna maajabu. Swali linabaki moja tu: kila siku mnachemsha maji mangapi ambayo hamyatumii?

Na hapo nikaanza kuangalia birika letu. Mtu anataka kikombe kimoja anajaza mpaka nusu, anachukua chake anaondoka, maji yanapoa, anakuja mwingine hajui yamechemka lini anabonyeza tena, afu wa tatu anamwaga yote anaweka mapya kwa sababu eti ya zamani yana ladha. Nyumba yetu lita 2 za kupoteza kwa siku tunafika bila jasho. Kwa hiyo kwa sisi wabadhirifu koki na birika zinakaribia sare, kwa mtu anayekaa peke yake anayepima kikombe chake vizuri birika linashinda wazi. Ila angalia karatasi ya tenki unalouziwa, ukikuta linapoteza wati 30 maana yake ni yuniti 0.72 kwa siku, hizo ni lita 6 na zaidi za birika, hapo hata sisi tumeshindwa. Na usijidanganye na kuzima usiku, kwa tenki la vakyumu unachookoa ni kidogo mno, zima ukisafiri.

Muda nao. Birika la kilowati 3 linachemsha lita kwa dakika 2 na kidogo, la kilowati 2 kama dakika 3. Hizo dakika mbili sijawahi kuzililia, natumia kutafuta kikombe kisafi. Tena koki nayo ina kusubiri kwake, ukikomba tenki la lita 3 lote kwa mkupuo, na heater zake nyingi ni kama wati 1,600, itachukua dakika 10 hivi kurudi kwenye moto wake. Wageni wakijaa sebuleni unarudi kwenye sufuria tu. Na kama mnategemea kuchemsha ndo muuwe vijidudu kwenye maji ya kunywa, muwe makini na huo muda, maji ya mwisho mwisho yanayotoka yamechanganyika na baridi iliyoingia sasa hivi.

Sasa kilichonifanya nisikatae moja kwa moja ni mama mkwe. Mama tunakaa naye na vidole vyake vina baridi yabisi, asubuhi ndo mbaya zaidi. Birika la lita 1.7 likijaa linakaribia kilo 3, na unatakiwa uliinue, uliinamishe, ulishikilie hapo hapo ili mkondo uwe mwembamba usijimwagie. Nimemwona akitumia mikono miwili na leso, na maji yanatikisika. Hiyo ndo hoja ya koki ambayo mume wangu hakuitaja hata siku moja na ni mama yake, yeye kakazana na umeme na muda! Kwa mtu ambaye mikono imechoka, kutoinua kitu kizito chenye maji ya kuchemka ni jambo kubwa, sitaki hata kubishana.

Kwa watoto ni pande mbili. Birika lina waya, mtoto anavuta waya linamshukia lote lita nzima, koki haiwezi kumwangukia mtu. Nyingi zina kufuli, mpaka ubonyeze mara mbili au usukume huku unazungusha. Lakini mtoto wa miaka minne anayekuangalia kila siku anajua kufungua simu yako, atashindwaje hiyo? Na kufuli linalomshinda mtoto ndo hilo hilo linasumbua vidole vya Mama, nenda ukalijaribu kwa mkono kabla hujalipia chochote, na nenda na mwenye vidole.

Kilichoamua mwisho wa siku wala siyo hayo yote, ni presha. Karatasi nyingi zinataka presha ya maji isipungue bar 1 au 2. Sisi maji yetu yanatoka kwenye tenki la juu ya paa, na kila mita 10 za kimo zinakupa bar moja tu, kutoka tenki lilipo mpaka koki ya jikoni ni mita 4 ukipima kwa huruma, yani bar 0.4. Fundi bomba akasema "itatoka tu dada, tutaifosi." Ataifosi na nini? Bila pampu hiyo koki itakojoa. Afu bado soketi chini ya sinki haipo, tundu la milimita 35 kwenye kaunta, sehemu ya kutolea matone maana maji yakipashwa yanatanuka kama asilimia 4, lita 3 zinakupa karibu nusu kikombe kinachotafuta pa kutokea. Na chokaa. Maji yetu yana chumvi, birika likikaa linapata ukoko mweupe chini, namimina siki usiku, asubuhi nakwangua limekwisha. Tenki lililojificha kabatini utalitia siki vipi? Unaweka filta, na filta unabadilisha kila baada ya miezi, milele, hilo muuzaji analisema kwa sauti ndogo.

Kwa hiyo tulivyokubaliana ni hivi. Sinki linabadilishwa, soketi inawekwa chini yake sasa hivi wakati kabati liko wazi na fundi umeme yupo, pampu itakuja ikiwa zamu yake na tunaihitaji hata kwa bafuni. Koki ngoja kwanza. Mama tumemchukulia kile kimashine cha mezani cha kikombe kimoja kimoja, unakijaza kwa kikombe taratibu, unabonyeza kitufe, kinachemsha ya kikombe kimoja tu na kumimina chenyewe, chini ya dakika. Hayafiki 100 kabisa, na Mama keshasema chai yake haikolei vizuri, anaacha majani yakae muda zaidi. Ila anajitengenezea mwenyewe kabla hatujaamka. Mume wangu bado anatuma video za koki kwenye simu yangu, naziona, sijibu.