Safari ya Sparta: kambi niliyolipia na miundu niliyoikuta

Tangazo lililobandikwa mapokezi katika hoteli niliyofikia mjini Athens liliahidi kwamba kwa euro 135 msafiri angepelekwa Sparta kwa siku moja, angeonyeshwa kambi walimolelewa wavulana wa jeshi na ukumbi walimokula askari, kisha angerudishwa usiku huohuo. Chakula na viingilio vilikuwa juu ya msafiri mwenyewe. Nililipa, ingawa bei iliniuma, kwa kuwa tangu niliposoma habari za Sparta shuleni nimetaka kuelewa jinsi mji mzima ulivyoweza kuishi kama kombania moja, kizazi baada ya kizazi.

Njia haina mengi ya kusimulia: Korintho, Tripoli ya Ugiriki, joto, na basi dogo ambalo viti vyake vilibana magoti. Kilichonishtua ni mahali penyewe. Nilitazamia nchi kame, yenye mawe matupu, ambayo ndiyo iliyowafanya watu wake kuwa wagumu. Nikakuta bonde la mto Eurotas likiwa limejaa mizeituni na michungwa, na upande wa magharibi mlima Taygetus umesimama kwa urefu wa zaidi ya mita 2,400. Mkulima yeyote wa Lushoto angeitamani ardhi ile. Ugumu wa Wasparta, basi, haukutokana na njaa ya nchi yao, na swali la ulikotoka halikuniacha tena siku ile.

Mji wa leo ulianzishwa kwa amri ya mfalme Otto mwaka 1834, nao una mitaa mipana iliyonyooka. Mwongozaji wetu alitushusha mbele ya sanamu ya shaba ya Leonidas, mfalme wa Sparta aliyekufa vitani Thermopylae mwaka 480 KK akipigana na Waajemi, akatupa muda wa kupiga picha, kisha akatuongoza hadi kwenye mgahawa ambamo sahani ya nyama ya kuchoma na kachumbari iligharimu takriban mara mbili ya ile niliyokula Athens. Nilipomuuliza tutakwenda kambini saa ngapi, alinijibu kwa utulivu kwamba kambi hakuna, haijawahi kuonekana, na kwamba wageni wote huja kwa ajili ya sanamu. Mwenye safari, kwa hiyo, aliuza kitu alichojua kuwa hakipo, na fedha za watu wa mbali zikaingia mfukoni mwake kwa jina la kitu hicho. Jambo hilo linaniudhi hadi leo.

Na ukweli kwamba hakipo si siri mpya. Katika karne ya 5 KK, Sparta ikiwa bado na nguvu, mwanahistoria Thucydides wa Athens aliandika kwamba mji huo ukihamwa, yakabaki mahekalu na misingi ya nyumba tu, watu wa baadaye wangeona shida kuamini sifa zake, kwa kuwa uliishi kwa vijiji na haukuwa na majengo ya fahari. Ukuta pia haukuwa nao wakati ule. Nilipanda kilimani kaskazini mwa mji, kwenye magofu yaliyo katikati ya mizeituni, nikaona kwamba sehemu kubwa ya kinachovutia jicho pale, ukiwamo uwanja wa maonyesho, ni ya zama za Kirumi.

Niliachana na kundi nikaenda makumbusho ya mji, ambayo hayakuwamo kabisa katika ratiba yetu, na humo ndimo nilimokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Wageni wachache walioingia walikwenda moja kwa moja kwenye kiwiliwili cha marumaru cha askari mwenye kofia ya chuma, kilichochimbuliwa mwaka 1925 na ambacho watu hupenda kukiita Leonidas. Mimi nilisimama mbele ya vibao vya mawe vilivyotoka kwenye hekalu la mungu wa kike Artemis Orthia. Ni vibao vya wavulana walioshinda mashindano ya uimbaji na ya michezo ya uwindaji, kila mmoja akiwa ameandikisha jina lake na shukrani zake, na kwenye jiwe pamechongwa nafasi ya kupachika tuzo aliyoipata. Tuzo hiyo ilikuwa mundu wa chuma. Mmoja wao, aitwaye Arexippos, aliyeishi karne ya 4 KK, alishinda zaidi ya mara moja, na jiwe lake lina nafasi kadhaa.

Sikuweza kuondoka. Raia wa Sparta wakati ule hakulima wala hakuvuna. Mtoto wa kiume alichukuliwa akiwa na umri wa miaka 7, akaingizwa katika malezi ya pamoja yaliyoitwa agoge; kuanzia miaka 12, kwa maelezo ya mwandishi wa kale Plutarch, alipewa joho moja la kumtosha mwaka mzima, akalalia matete aliyoyavunja kwa mikono kando ya Eurotas, akalishwa kidogo ili ajifunze kuiba, na akipatikana akachapwa kwa kosa la kukamatwa. Alipofika miaka 20 alijiunga na meza ya chakula ya wenzake, na hata akioa aliendelea kulala na askari hadi miaka 30. Kwenye meza hiyo kulikuwa na mchuzi mweusi, na kila mwezi kila mmoja alileta shayiri, divai, jibini na tini kutoka shambani kwake. Aliyeshindwa kuleta alipoteza haki za uraia. Walioyazalisha hayo yote walikuwa maheloti, watu waliofungwa kwenye ardhi na kumtumikia Msparta. Mwanahistoria wa kale Herodotus anasema kwamba vitani Plataea, mwaka 479 KK, kila Msparta alifuatana na maheloti 7: Wasparta 5,000 na maheloti 35,000. Mundu ulikuwa chombo cha hao.

Kila mwaka viongozi watano walioitwa efori waliwatangazia maheloti vita, ili Msparta akimuua mmoja wao asihesabiwe kuwa na hatia. Thucydides anasimulia pia kwamba maheloti wapatao 2,000 waliojiona mashujaa waliteuliwa, wakavishwa mataji, wakazungushwa mahekaluni kama watu walioachiwa huru, kisha wakatoweka, na hakuna aliyejua kila mmoja aliuawaje. Nikapata jibu la swali langu la bondeni. Mji ule ulijifunga kijeshi kwa sababu uliwaogopa watu waliokuwa wakiulisha.

Nilikumbuka kambi yangu ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa la Tanzania, nilikopelekwa kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita. Kuna mambo ya Sparta ambayo kila aliyekuwa kuruta anayatambua mara moja: mchakamchaka kabla ya alfajiri, maharage yaliyohesabiwa, sauti ya afande inayomfuata mtu hadi usingizini. Lakini asubuhi tulicheza kwata na mchana tukashika majembe, sisi wenyewe, tukala mahindi tuliyoyapalilia, tena pamoja na watoto wa wakubwa. Niliwahi kuchukia shamba lile. Mbele ya vibao vya Orthia nilishukuru kwamba hapakuwa na mtu mwingine aliyewekwa alilime kwa niaba yangu.

Hekalu lenyewe, karibu na mto, limezungushiwa uzio, na nililitazama nikiwa nje. Katika karne ya 3 BK Warumi walijenga viti vya mviringo mbele yake ili watazamaji wakae wakiangalia wavulana wa Sparta wakichapwa viboko. Nguvu za mji zilikuwa zimekwisha zamani, lakini ukali wake uliendelea kuonyeshwa kwa wageni. Mwenye safari yetu ameirithi biashara hiyo.

Nguvu hizo za Sparta zilivunjika mwaka 371 KK iliposhindwa na mji wa Thebes katika vita vya Leuctra, ambapo kati ya Wasparta 700 waliokuwa vitani walikufa 400, na raia walikuwa wamepungua mno kuliziba pengo hilo. Muda mfupi baadaye Epaminondas, jemadari wa Thebes, aliingia bondeni, akawakomboa maheloti wa Messenia ng'ambo ya Taygetus, na mwaka 369 KK mji wao wa Messene ukaanzishwa. Ukuta wake, wenye mzunguko wa takriban kilomita 9, una sehemu ndefu zinazosimama hadi leo pamoja na minara na lango. Nilimuuliza dereva wa teksi angenipeleka kwa kiasi gani, akataja bei iliyozidi ile ya safari yangu yote, na basi letu lilikuwa karibu kuondoka. Nikijaliwa kurudi Ugiriki, nitashuka Kalamata na kwenda Messene kwanza, na siku nzima nitaimalizia kwenye ukuta wa watu wale.