Anga la Alfred Sisley

Juma hili lote fikra zangu zimekuwa kwa Alfred Sisley, mchoraji wa mandhari ambaye vitabu vingi vya sanaa humtaja baada ya Claude Monet na Auguste Renoir, mara nyingi kwa aya moja na picha moja, kisha vikaendelea na safari yao. Nimeona niandike hapa kwa nini mimi humpa nafasi kubwa kuliko hiyo. Kila ninaposimama mbele ya kazi zake hukutana na jambo ambalo wenzake hao wawili, pamoja na ukubwa wao wote, hawanipi kwa kiasi kile kile, nalo ni subira ya mtu anayetazama mahali padogo kwa muda mrefu bila kupakuza wala kupapamba.

Sisley alikuwa Mwingereza aliyezaliwa Paris, tarehe 30 Oktoba 1839, na baba yake William alikuwa mfanyabiashara wa hariri. Mwaka 1857, akiwa na umri wa miaka 18, alipelekwa London kujifunza biashara, na huko akavutiwa zaidi na kazi za wachoraji wa mandhari wa Kiingereza John Constable na J. M. W. Turner kuliko na hesabu za faida. Hilo la Constable lina uzito kwangu, kwa sababu Constable ndiye aliyekwenda Hampstead mwaka 1821 na 1822 kuchora mawingu matupu, akiandika nyuma ya picha tarehe, saa na mwelekeo wa upepo, kama mtu anayetunza kumbukumbu za hali ya hewa. Sisley aliporudi Paris na kuingia mwaka 1862 katika karakana ya mchoraji Charles Gleyre, alikokutana na Monet, Renoir na Frédéric Bazille, tayari alikuwa amebeba macho hayo ya Kiingereza. Vijana hao walitoka nje kwenda kuchora katika msitu wa Fontainebleau, jambo lililorahisishwa na reli na pia na tyubu za bati za kuhifadhia rangi, zilizobuniwa na Mmarekani John Rand mwaka 1841.

Vita vya mwaka 1870 kati ya Ufaransa na Prussia viliigeuza hali yake. Biashara ya baba ilianguka, nyumba ya Sisley ya Bougival na vilivyokuwamo vikapotea, na mtu aliyekuwa akichora kwa kutegemea mfuko wa mzazi sasa akawa na mke, Eugénie, na watoto wawili wa kulisha kwa brashi peke yake. Umaskini huo haukumwacha tena hadi kufa. Alihamia vijiji vya magharibi ya Paris, kama vile Louveciennes na Marly, ambako kodi ilikuwa nafuu na mto Seine ulikuwa karibu, na ni katika miaka hiyo ya 1870 alipochora, kwa maoni yangu, kazi zake bora kabisa.

Katika barua kwa mhakiki Adolphe Tavernier, Sisley alieleza kwamba anga haliwezi kuachwa liwe pazia la nyuma tu, kwa kuwa tabaka zake ndizo zinazoipa picha kina na umbo lake ndilo linaloipa mwendo, na kwamba yeye huanza picha zake kwa anga. Mtu akishalijua hilo, utazamaji wake hubadilika. Huanza kuona jinsi mstari wa ardhi ulivyoshushwa ili mawingu yapate nusu ya turubai au zaidi, kisha huona kwamba rangi iliyoko mawinguni imeshuka na kuenea katika kuta, katika matope ya barabara, na hata katika mabega ya wapita njia. Brashi nayo haiendi kwa namna moja. Anga hupakwa kwa mapigo mapana yanayoelekea upande mmoja, majani hupewa madoa mafupi yaliyorundikana, na maji hupewa mistari ya mlalo iliyokatikakatika, hivi kwamba kila kitu katika picha kina mwendo wake wa mkono.

Jumamosi nilikwenda Musée d'Orsay, makumbusho ya sanaa mjini Paris, mahsusi kwa ajili ya picha ya mafuriko ya Port-Marly. Mwaka 1876 mto Seine ulifurika, naye Sisley akaenda na vifaa vyake akachora mafuriko hayo katika picha kadhaa. Upande wa kushoto wa hii niliyoifuata limesimama jengo la muuza mvinyo, ukuta wake ukiwa na mikanda ya waridi, manjano hafifu na buluu. Mbele ya mlango barabara haipo tena, maji yametanda mpaka kwenye miti iliyo upande wa kulia, na mashua inapita pale ambapo siku nyingine mkokoteni ungepita. Ukisogea karibu, watu hawana sura, kila mmoja ni mapigo mawili matatu ya rangi nyeusi. Ukirudi nyuma hatua chache, unawaona wakiwa kazini. Kinachonishika zaidi ni maji yenyewe, kwa sababu hayana rangi yao: yamekopa kijivu na nyeupe kutoka juu, waridi kutoka ukutani na hudhurungi kutoka kwenye miti, na hata hivyo huna shaka hata kidogo kwamba ni maji, tena maji yaliyosimama, mazito kwa udongo.

Rafiki yangu niliyefuatana naye, ambaye alikulia kando ya mto Rufiji, aliitazama kwa kitambo kisha akaniuliza, "Mwenzangu, mbona hapa hakuna anayelia?" Kabla sijajibu akajijibu mwenyewe, "Lakini maji yamekwisha kutulia. Yakitulia, watu hutafuta mtumbwi." Nimekuwa nikilitafakari jibu lake tangu siku hiyo. Wapo wanaoona kwamba Sisley alikuwa mbaridi, kwamba alisimama mbele ya msiba wa watu akavutiwa na mng'ao wa maji. Mimi siamini hivyo. Mtu asiyejali angechora mng'ao na kuiacha mashua; yeye ameiweka mashua, ameuweka mlango ambao watu wanaufikia kwa shida, ameyaweka maandishi ya duka ambalo siku ile halikuwa na mteja. Huzuni hakuipigia ngoma, akaacha mambo yenyewe yaeleze kilichotokea, na naona kwamba kwa kufanya hivyo aliwaheshimu watu wa Port-Marly kuliko kama angewachora wakiwa wameinua mikono juu.

Sifa hiyo hiyo ya kutosema zaidi ya kinachoonekana imo katika picha ya ukungu wa Voisins ya mwaka 1874, ambamo mwanamke ameinama bustanini na ua wa mbao unaanza kuyeyuka nyuma yake, na imo pia katika picha zake za theluji ya Louveciennes, ambayo nyeupe yake imejaa buluu na urujuani.

Mwaka huo huo wa 1874, muda mfupi baada ya maonyesho ya kwanza ya kundi lililokuja kuitwa waimpreshonisti, yaani wachoraji waliotaka kunasa mwanga na hali ya hewa ya papo hapo, mwimbaji Jean-Baptiste Faure aligharimia safari ya Sisley ya Uingereza, naye akakaa miezi michache akichora mto Thames karibu na Hampton Court. Picha ya maporomoko madogo ya Molesey, iliyoko Edinburgh, ina upepo na mawingu yanayokimbia, na furaha ambayo ni nadra kuiona tena katika maisha yake ya baadaye. Kisha akarudi Ufaransa, katika nchi ambayo sheria yake ilimwita mgeni ingawa ndiyo aliyozaliwa na ndiyo aliyoichora kijiji kwa kijiji.

Kuanzia mwaka 1880 aliishi karibu na Moret-sur-Loing, na hatimaye ndani ya mji wenyewe. Nitasema waziwazi kwamba baadhi ya kazi za miaka hiyo hazinigusi sana. Rangi imekuwa nzito, na mkono una haraka ambayo zamani haukuwa nayo. Lakini kanisa la Moret, alilolichora karibu mara kumi na nne mwaka 1893 na 1894, ni jambo jingine. Katika miaka hiyo hiyo Monet alikuwa akilichora kanisa kuu la Rouen mpaka mawe yake yakageuka mvuke. Sisley alibadilisha saa na hali ya hewa, jua na mvua, lakini mawe aliyaacha yabaki mawe, na kuta zikabaki na uzito wake. Nikilazimishwa kuchagua, nitachagua la Moret.

Mwaka 1897 alikwenda Wales, akafunga ndoa ya kisheria na Eugénie huko Cardiff baada ya kuishi pamoja miaka mingi. Mwaka uliofuata aliomba uraia wa Ufaransa, ombi likakataliwa. Akaomba tena, ugonjwa ukamtangulia. Eugénie alifariki Oktoba 1898, naye Sisley akafa kwa saratani ya koo tarehe 29 Januari 1899, akiwa bado raia wa Uingereza. Machi 1900 mkusanyaji wa sanaa Isaac de Camondo aliinunua ile picha ya Port-Marly kwa franka 43,000, fedha ambazo mchoraji mwenyewe hakuwahi kuziota.

Safari hiyo ya Wales ndiyo inayonishughulisha sasa. Mtu wa mito midogo na barabara za vijiji alijikuta, karibu na mwisho wa maisha yake, mbele ya majabali ya Penarth na mawimbi ya Langland, na katika picha ya mwamba wa Storr, iliyoko makumbusho ya taifa mjini Cardiff, jiwe kubwa limekalia sehemu ambayo kwa miaka 30 aliiachia mawingu. Nimeiona katika nakala tu. Nikijaliwa nitakwenda kuitazama kwa karibu, nijue kama hata hapo alianza na anga.